Wino Uliostahimili Beseni

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alichukua kazi ya mikono yangu ya miaka kumi na tisa akaigonga muhuri wa jina lake. Nasema wazi mapema, msomaji asije akadhani nimekaa hapa kusimulia habari za wino tu. Picha zote nyeusi na nyeupe zilizotoka katika studio yake miaka hiyo nilizisafisha mimi, katika chumba cha giza nyuma ya duka, na nyuma ya kila moja kuna jina la mtu ambaye hakujua hata dawa ipi inatangulia.

Muhuri ningeuvumilia. Studio ni yake, kamera ni zake, na mimi nilikuwa mdogo wa mkewe niliyekuja kusaidia nikabaki. Lililonikaa kooni ni la siku aliyofunga chumba cha giza. Alikuwa amenunua mashine ya rangi, inayotema picha kama mtu anavyotema maganda ya mbegu. Dukani walikuwepo wateja saba au wanane. Mzee mmoja aliyekuja na picha yake ya harusi ya zamani aliigeuzageuza kwenye mwanga, akauliza, "Hii aliisafisha nani? Mbona siku hizi hamtoi tena kama hii?"

Shemeji akajibu hali mimi nimesimama palepale: "Mimi, mzee wangu. Huyu shemeji alikuwa ananitekea maji."

Wateja wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Dada yangu alikuwa kwenye kisu cha kukatia kingo za picha. Aliendelea kukata. Nilivua aproni nikaitundika msumarini, nikafika mlangoni, nikarudi nikaichukua, maana nilikumbuka niliishona mwenyewe.

Ni kweli maji nilikuwa nateka. Ndoo kumi na mbili kwa siku, bomba likiwa zima. Likikatika, naenda nazo mtaa wa pili. Picha isipooshwa ikatakata hupata madoa ya manjano baada ya mwaka, na mtu aliyepigwa picha akiwa kijana huonekana kama anaumwa ini. Lakini kabla ya maji kuna mambo. Kuna kujua negativu hii, ile filamu yenye picha iliyogeuka, inataka mwanga wa pumzi nane na ile wa pumzi kumi na tatu, maana saa ya ukutani sikuwa nayo, nilihesabu kwa pumzi zangu. Kuna kutikisa sinia la dawa polepole, kama unavyombembeleza mtoto aliyekwisha kusinzia. Kuna kuutambua weusi. Watu husema picha nyeusi na nyeupe kana kwamba ni vitu viwili. Katikati pale kuna kijivu cha kila namna: cha jivu la jioni, cha jivu la asubuhi, cha ubawa wa njiwa, cha sufuria iliyosuguliwa. Picha nzuri inavyo vyote. Picha mbaya ina masizi na chaki.

Shule sikwenda. Herufi nilifundishwa na binti yangu nikiwa tayari nina mvi, na hadi leo nikiandika nakuwa na ulimi nje kama mtoto. Lakini kijivu sikufundishwa na mtu.

Baada ya studio nilikaa baraza la nyumba yetu nikishona viatu. Mume wangu ni fundi viatu, baraza ndilo kibanda chake. Yeye hugonga soli, mimi hushona ngozi za juu. Si kazi mbaya. Kiatu hakina shukrani, lakini pia hakikudanganyi. Miaka mitano ikapita hivyo.

Siku moja akaja Matroni wa hospitali ya wazazi, mwanamke mpana mwenye mwendo wa haraka, kisigino cha kiatu kimoja kikining'inia. Alikaa kwenye kigoda akisubiri, mguu mmoja peku, akanitazama.

"Wewe si yule wa studio?"

"Nilikuwa wa studio. Sasa ni wa soli."

Mume wangu akacheka na misumari mdomoni, kitu ambacho nimemkataza mara mia.

Matroni akaeleza. Walikuwa wamekarabati korido ndefu ya kwenda wodini. Katika stoo wakakuta bati la biskuti lenye negativu za zamani, picha za wakunga wa kwanza wa hospitali ile. Wengi wamekwisha kufa. Alitaka picha ishirini na nne, nyeusi na nyeupe, zitundikwe korido nzima, na chini ya kila picha kadi ndogo yenye jina la mkunga na jina la aliyeisafisha.

"Jina la aliyeisafisha," nikarudia.

"Ndiyo. Kwani vibaya?"

"Hapana, Matroni. Endelea."

"Nimeshamwomba shemeji yako. Lakini kuna nesi mmoja mzee kule, aliniambia, kama unataka weusi wa zamani, muulize yule mwanamke wa nyuma. Sikujua mwanamke wa nyuma ndiye nani. Leo nimekuona."

Nilitoboa matundu mawili pasipotakiwa tundu.

Mwishowe tulikubaliana hivi. Kila mmoja wetu, mimi na shemeji, angepewa negativu ileile kwa zamu: mkunga amesimama mlangoni na ndoo, aproni nyeupe, ukuta wa vivuli nyuma yake. Baada ya wiki tatu, siku ya Ijumaa, kila mtu alete picha moja. Atakayependwa ndiye atakayesafisha zote. "Na fremu hazitakuwa na vioo," Matroni akaongeza akivaa kiatu chake. "Machela zinapita pale, vioo vitatuumizia watu. Halafu ukuta tunaupangusa kila Jumamosi. Nyie mtajua wenyewe."

Alipoondoka mume wangu akatema misumari kiganjani. "Sasa mama watoto, chumba cha giza utakipata wapi? Chini ya kitanda?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Dawa za kusafishia haziuzwi tena, duka la mwisho lililokuwa nazo sasa linauza vifuniko vya simu. Karatasi za zamani hakuna. Binti yangu, anayefanya kazi ofisi ya kutoa nakala na kuchapa barua, akasema, "Mama, negativu nitaiskani mimi kazini. Kilichobaki ni printa. Ofisi wana moja wameitupa stoo, ina nafasi sita za wino. Wanasema imekufa."

Ilikuja imefungwa kwenye shuka, tukaiweka juu ya meza chumbani, ukuta mmoja na baraza. Fundi wa printa tuliyemwita anaitwa Sindano mtaani kote, kwa sababu mfuko wa shati lake umejaa sindano za kuvutia wino, utadhani anakwenda kuchanja kijiji. Aliifungua, akaipigia tochi, akaguna.

"Haijafa, mama. Imeziba. Printa ikikaa bila kazi wino hukaukia kwenye vitundu vya kichwa. Ni kama mtu, usipozungumza naye miezi sita akifungua mdomo sauti haitoki."

Aliiloweka kwa dawa yake siku mbili ikapona. Ndipo tukafika kwenye suala la wino, na hapo Sindano akavuta kiti, maana ndilo somo alipendalo.

"Ngoja nikwambie ukweli, mama. Kuna katriji za kiwandani, zimefungwa, unachomeka unachapa. Safi. Lakini ni vichupa kama vya manukato, na kila kimoja kina kidubwasha cha kuhesabu. Kikisema umekwisha, umekwisha, hata kama ndani unausikia ukicheza."

"Nani anakisia, mimi au kidubwasha?"

"Kidubwasha."

"Basi hapana. Nimeshafanya kazi na mtu wa namna hiyo."

Akacheka. Akaniambia kuna printa za matangi, unamimina wino kama mafuta kwenye jiko. Nzuri kwa barua na picha za rangi, lakini nyingi zina weusi wa aina moja tu, kijivu zinakikoroga kutoka kwenye bluu, nyekundu na manjano. Halafu kuna mirija: chupa kubwa zinakaa nje ya printa, mirija myembamba inapeleka wino ndani muda wote. "Hiyo ndiyo naipenda," akasema. "Unasahau habari ya kujaza. Chupa tu zisikae juu ya printa, wino utashuka wenyewe ukaogesha meza. Usawa wa meza, hapo basi."

"Na ya mwisho?"

"Ya mwisho ni katriji za kujaza kwa sindano. Kila ikipungua unajaza mwenyewe, kidogokidogo. Kazi ya mtu mwenye subira. Sikushauri."

Nikachagua mirija, kwa kuwa fundi ndiye aliyesema. Nafasi sita akazitia wino wa rangi wa kawaida. Binti akaleta skani ya mkunga. Picha ya kwanza ikatoka na mkunga ana mashavu ya zambarau. Ya pili, baada ya binti kuhangaika na kompyuta, ikaonekana nzuri chini ya taa, lakini nilipoitoa nje aproni ikawa ya kijani kama maji ya mfereji. Wala sikushangaa. Ukitengeneza kijivu kwa kukoroga rangi, kila mwanga una maoni yake.

"Toa rangi zote," nikamwambia Sindano. "Nataka nyeusi moja na kijivu tano, kila kimoja kimefifia kuliko mwenzake. Vipo?"

Akakuna kichwa kwa sindano. "Vipo. Watu wachache sana wananiuliza."

"Mimi ndio hao."

Akaleta chupa sita. Ajabu ya wino ule ni kwamba ndani ya chupa zote ni nyeusi. Hata kile kijivu cha mwisho, kikijaa chupa, ni usiku mtupu. Lebo zake zilikuwa za maandishi madogo ya kigeni. Nikachukua sahani nyeupe, nikadondosha tone moja la kila chupa pembeni mwa mwenzake, nikaongeza maji kidogo, nikayatazama yakitambaa. Halafu nikafunga uzi shingoni mwa kila chupa: fundo moja kwa kijivu chepesi kuliko vyote, mafundo sita kwa nyeusi kabisa. Sindano alisoma lebo kwa simu yake, akalinganisha na nyuzi zangu, akarudisha simu mfukoni.

Sasa kijivu kilikuwa kijivu. Lakini kila picha ikaja na mstari mweupe, mara kwenye paji la uso la mkunga kama kovu, mara kwenye ndoo. Sindano akafungua, akafunga, akavuta hewa kwenye mirija, akaondoka, mstari ukarudi. Siku ya tatu nilikaa kwenye kigoda nikaitazama tu mirija ile bila kuchapa. Nje mume wangu akagonga soli. Tup. Mirija ikatikisika, kiputo cha hewa kikaanza safari. Tup. Kikasogea.

Nikatoka. "Baba watoto, unaweza kuacha kugonga nikiwa nachapa?"

"Niache kugonga?" Akatazama nyundo yake kwa huzuni. "Sawa. Nitakuwa naibembeleza misumari iingie yenyewe."

Hakuna chumba kingine katika nyumba yetu, na viatu ndivyo vinavyotulisha. Pia nilikuwa nimeona jambo jingine: katika mirija ile wino mwingi unalala njiani. Mtu anayechapa mamia kwa siku haumkwazi. Mimi nachapa moja, naitazama nusu saa, nachapa nyingine. Nikamwita Sindano nikamwambia aitoe mirija, anipe zile katriji za kujaza alizonikataza. Hazina mrija, hazina kiputo, zinakaa ndani ya printa na kutikisika pamoja nayo kama mtoto mgongoni.

"Utachoka kujaza," akasema.

"Nimebeba ndoo miaka kumi na tisa. Hii ni sindano."

Katriji zikaingia, mstari ukaondoka. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Jumapili asubuhi ndipo mkunga alipotoka mzima. Mwanga wa mlangoni ulimwangukia begani, ndoo ilikuwa na ukingo unaong'aa, na ndani ya kivuli cha ukuta, pale ambapo wengine wangeweka masizi, niliona matofali. Nilihesabu matofali saba. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu niitoe ile aproni msumarini. Nikaishika picha kwa pembe, vidole viwili, nikageuka kulia nikaitia ndani ya beseni la maji.

Lilikuwa beseni la mume wangu la kulowekea ngozi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelivutia pale kulia kwangu siku ya kwanza nilipopanga meza, wala sikujiuliza kwa nini. Mikono ilijiuliza na kujijibu yenyewe. Miaka kumi na tisa, picha ikitoka inakwenda majini. Mikono haikuambiwa kwamba hii haikutoka kwenye dawa. Nikaanza kuitikisa taratibu, kama zamani. Mkunga akaanza kuondoka. Kwanza aproni ilichanganyika na mlango, halafu uso ukawa moshi, halafu moshi ukasambaa kwenye beseni.

Mume wangu aliingia kuchukua ngozi yake. Akachungulia.

"Nani huyu?"

"Mkunga."

"Mbona simwoni?"

Akaitoa ngozi, ikiwa imekuwa ya kijivu, akaigeuza huku na huku. "Rangi si mbaya. Kuna mteja ataipenda." Kisha akaona uso wangu, akaweka ngozi chini, akakaa sakafuni karibu nami. Ana nyakati zake za hekima.

Tulipokaa hivyo, nikawaza kile alichosema Matroni akivaa kiatu. Fremu bila kioo. Ukuta wa kupanguswa kila Jumamosi. Kama picha zangu ishirini na nne zingetundikwa vile nilivyozichapa, Jumamosi ya kwanza mwosha ukuta mmoja angewafuta wakunga wote kwa kitambaa kimoja, na kadi zenye jina langu zingebaki chini ya karatasi tupu. Mikono yangu ilikuwa imenionyesha Jumapili jambo ambalo ningelijua mbele za watu.

Nikamtuma binti amwite Sindano.

"Mama," akasema alipoona beseni, "nani anaosha picha ya printa?"

"Mimi. Huu wino ni wa aina gani?"

"Ni ule ulioyeyuka. Kama sukari kwenye chai. Nilikupa huo kwa sababu hauzibi kichwa. Kuna mwingine wa chembe, unga laini unaoelea kwenye maji, kama mkaa uliosagwa. Huo ukikauka kwenye karatasi umekauka. Lakini ni msumbufu, mama. Ukikaa unatuama chini. Unataka kuamshwa kila siku, na usipochapa unaziba."

"Kwa hiyo unataka mtu wa kuutikisa polepole."

"Kila siku ya Mungu."

"Ulete."

Aliuleta Jumatatu, na katriji nyingine sita, maana alisema wino hizo mbili hazitakiwi kukutana. Nikafunga nyuzi upya. Nikachapa kipande kidogo cha uso wa mkunga kwenye karatasi nzito isiyong'aa, nikakiacha kikauke hadi mchana, halafu nikakitia kwenye beseni pamoja na kipande cha wino wa kwanza. Mimi, mume wangu na Sindano tukalizunguka beseni kama watu wanaotazama mchezo wa bao. Tukanywa chai. Chai ilipokwisha kipande kimoja kilikuwa karatasi nyeupe na maji machafu. Kwenye kingine mkunga alikuwa bado anatutazama, kope moja moja. Nikamsugua shavu kwa kidole. Halikutoka.

"Sijawahi kuona mtu akichagua wino kwa namna hii," Sindano akasema.

"Ulikuwa unachaguaje?"

"Kwa kuuliza mteja ana haraka kiasi gani."

Siku nne zilizobaki zilikuwa za raha, nasema kweli. Wino wa chembe mwanzoni ulinipa kivuli kizito, matofali yakapotea. Nikafanya kama zamani: nikachapa mistari, kila mstari umekolea zaidi kidogo, nikaichagua kwa jicho dirishani, binti akarekebisha kwenye kompyuta jioni akitoka kazini huku akilalamika kwamba nina mambo kama bibi harusi. Matofali yakarudi moja moja. Alhamisi saa tisa mchana yalikuwa saba.

Ijumaa nilivaa nguo zangu nzuri. Mume wangu alinipigia viatu dawa hadi nikawa naona kidevu changu. Ofisini kwa Matroni nilimkuta shemeji ameketi, na picha yake juu ya meza, kubwa kuliko yangu, ndani ya fremu ya dhahabu.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Fundi viatu wetu?"

"Anagonga."

Nikaiweka yangu kando ya yake. Haikuwa na fremu, ilikuwa kati ya makadi mawili. Chini ya taa ndefu ya darini zilionekana kama ndugu, na ya shemeji, kwa kung'aa kwake, ilionekana ndiyo kaka. Matroni aliitazama ya dhahabu, akaitazama yangu, akarudi kwenye ya dhahabu. Nesi mzee aliyekuwa mlangoni akakohoa. Nilimwona Matroni anavuta pumzi ya kusema, na nikajua anakwenda kusema nini.

"Matroni," nikasema, "korido ile ina madirisha?"

"Upande mmoja wote."

"Basi twende nazo dirishani."

Akazibeba mwenyewe, moja kila mkono. Jua la saa nne lilikuwa linaingia moja kwa moja. Aproni ya mkunga wa shemeji ikageuka ya kijani palepale, uso wake ukawa na wekundu wa mtu aliyelia. Mashine yake ya rangi ilikuwa imekoroga kijivu kama ilivyokoroga ile mirija yangu ya kwanza. Mkunga wangu alisimama mlangoni na ndoo yake, kijivu chini ya taa, kijivu juani.

"Ehee," nesi mzee akasema. "Huyo ndiye. Aproni yake ilikuwa nyeupe, huyo mama. Angekuchapa ungeigusa na mikono michafu."

"Na maji je?" Matroni akauliza.

Nilikuwa na kipande changu cha majaribio kwenye kitambaa, bado na unyevu. Nikampa. Akakisugua kwa kidole gumba, akatazama kidole.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliinama akaitazama picha yangu kwa karibu sana, kama mtu mwenye macho mabovu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa uzuri tu, kama tunazungumza mambo ya familia: "Shemeji, nani amekusafishia hii?"

Ndivyo alivyouliza. Hakuuliza kwa ubaya. Nadhani ndipo nilipoelewa kwamba uongo ule aliusema mara nyingi hadi yeye mwenyewe akauamini.

"Nimesafisha mimi," nikasema. "Kama nilivyozisafisha zile zako."

Akachukua fremu yake akaaga.

Kazi ya wakunga ilinichukua miezi miwili, na ilikuwa miezi mizuri. Sasa zipo kwenye korido, ishirini na nne, na Jumamosi wanazipangusa pamoja na ukuta. Kadi zina jina langu, majina yote matatu, binti aliyaandika na mimi nikakagua herufi moja moja. Nimepita pale mara kadhaa nikijifanya nakwenda kumwona mgonjwa. Wanawake wenye uchungu wa kuzaa hushika ukuta katikati ya picha na picha, wanapumzika, wanamtazama mkunga fulani usoni, wanaendelea. Hakuna anayesoma kadi. Hainisumbui, imeandikwa.

Kila asubuhi kabla ya chai nazipindua chupa zangu sita, taratibu, nusu mzunguko kwenda na nusu kurudi, hadi wino uamke. Ili kichwa kisizibe, nachapa picha moja ndogo kila siku, na kwa kuwa sipendi kupoteza karatasi kwa upuuzi, nachapa kiatu kilichotengenezwa jana. Mume wangu amezibandika barazani. Wateja wanachagua mtindo kwa kunyooshea kidole. Watu huniletea picha za wazazi wao, zilizokunjika, zilizoliwa na mchwa. Nikimrudishia mtu mama yake akiwa na shingo kamili, huigusa shingo ile kwa kidole kabla ya kusema ahsante. Mwezi jana mmoja aligeuza picha nyuma akakuta muhuri wa studio. "Kumbe shemeji yako naye alikuwa hodari," akaniambia.

Dada yangu alikuja mvua zilipoanza. Alikaa kitandani, akanitazama nikijaza katriji, akaomba ashike sindano. Nilimpa. Ana mkono mtulivu, ni wa kisu kile. Akiwa anavuta wino, bila kunitazama, akasema, "Siku ile ningesema."

"Ungesema."

"Niliogopa. Ninyi mnaondoka, mimi ndiye ninayerudi naye nyumbani."

"Najua, dada."

"Zilikuwa zako. Zote. Nilikuwa nazikata kingo, mimi ndiye nijuaye."

Basi, kwa upande wa dada yangu yamekwisha. Alilibeba lake akalileta mwenyewe, kwa miguu, kwenye matope.

Kabla ya kuondoka alinipa ujumbe. Mumewe anaulizwa sana habari za picha nyeusi na nyeupe, tangu watu waione ile korido. Anataka nimchapie, hapa hapa nyumbani, na safari hii ataacha nafasi ya jina langu nyuma, chini ya lake. Dada alisema akiona haya, nikamwonea huruma.

Nilimwambia ampelekee jibu hili. Nitamchapia, sina kinyongo na kazi, na nyuma ataandika atakavyo. Lakini kwanza kuna ninachomdai nikisikie, na ni kifupi. Asimame dukani kwake, nyuma ya kaunta, mchana, watu wakiwepo, aseme kwamba picha za miaka ile alizisafisha shemeji yake, na kwamba aliposema mimi nateka maji alisema uongo. Haihitaji barua wala zawadi wala mtu wa kumsindikiza. Hata pumzi nane hayafiki, maneno hayo.

Mvua zimekwisha, nyingine zimeanza. Hajayasema. Bado ninamdai.